Chumba cha Bibi

Saa mbili asubuhi

Dobi alitandaza shuka juu ya meza ya kupigia pasi, akachora nyumba kwa chaki ya washonaji. Karatasi hakuwahi kuitumia. Shuka likimaliza kazi linatupwa kwenye mashine pamoja na mengine, na hakuna askari aliyewahi kupeleleza povu.

Chumba kile cha nyuma ya duka la kufulia kilikuwa na joto la jikoni. Pasi mbili zilisimama wima, suti za watu zinaning'inia kwenye bomba, kila moja na kikaratasi cha jina. Huko mbele mashine zilikuwa zinanguruma, na ngurumo hiyo iliwafaa, maana mazungumzo haya hayakuwa ya wateja.

Walikuwa wanne. Dobi mwenyewe, mwenye duka na mwenye genge, mtu wa sauti ya chini na kola iliyonyooka. Kufuli, mkata vyuma, kifua kipana kuliko akili, kama mwenyewe alivyopenda kujitania. Gia, mwanamke wa usukani, ambaye hakuwahi kumaliza soda wala sentensi. Na Antena, fundi wa mitandao ya majumbani. Dobi alikuwa amemuoa dada yake Antena, na kwa mlango huo huo wa ushemeji Antena akajikuta ndani ya genge.

"Mlango wa mbele unafunguliwa kwa simu," Dobi alisema. Chaki ikasogea. "Hapa stoo. Haina dirisha. Mlango wa chuma, mzito, unarudi wenyewe ukiuachia. Nao ni wa simu. Sefu iko ndani."

"Mwenyewe?" Kufuli aliuliza.

"Sonara. Asubuhi yuko dukani kwake. Dada wa kazi anatoka saa nne na nusu kwenda sokoni. Hana haraka yule, anapenda kupiga soga."

"Ruta je?" Antena aliuliza.

"Sebuleni. Ameibadilisha kila kitu. Jina, paswedi, vyote. Mtu mwoga."

"Basi hatuingii."

"Kuna ekstenda chumba cha nyuma, na hiyo hajaigusa. Kamera na milango yote inapitia humo."

Ekstenda ni kile kidude cha kuchomeka ukutani, kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyasukuma mbele, yafike kwenye vyumba ambavyo kuta nene zimeyazuia. Watu huifunga ruta yao kwa nywila ndefu isiyotamkika, halafu kidude kile wanakiacha na nywila ya kiwandani, ileile iliyobandikwa mgongoni. Ni sawa na kufunga geti kwa minyororo na kuacha dirisha la choo wazi. Antena alikuwa amechomeka ekstenda katika nyumba zisizohesabika. Kubadilisha nywila ile ni kazi ya dakika mbili, na hakuwahi kumfanyia mteja hata mmoja. Mwanzoni ulikuwa uvivu. Baadaye ikawa biashara.

"Umejuaje kama ina paswedi ya kiwandani?"

"Shemeji, mimi huwa nakuuliza waya upi ni upi?"

Kufuli akacheka. Antena hakucheka.

"Ndani hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Safari ile pia ulisema hakuna mtu."

Mkono wa Dobi ulisimama juu ya shuka. Huko mbele mashine zilizidi kunguruma. Moja ilikuwa na nguo yenye kifungo cha chuma, na kila ilipozunguka kifungo kiligonga kioo. Ko. Ko. Ko. Antena alitoka jasho mgongoni, na halikuwa jasho la pasi.

"Tumeshakubaliana," Dobi alisema, "yule hatumtaji."

Kutomtaja hakukusaidia kitu. Mwaka mmoja nyuma Antena aliitwa kwenye nyumba ya bibi mjane, nyumba ya zamani yenye kuta nene ajabu. Miguu ilikuwa imeanza kumgomea yule bibi, anashinda kitandani, na chumbani kwake simu haishiki. Alitaka kitu kimoja tu duniani, aweze kuongea na mwanawe bila kujikokota hadi sebuleni. Antena akamchomekea ekstenda kando ya kitanda. Bibi akamwambia aandike jina la mtandao mwenyewe, yeye mambo hayo hayajui. Akaandika "Chumba cha Bibi". Bibi akacheka mpaka akakohoa, akampigia mwanawe kwa video papo hapo na kuigeuza simu. "Huyu ndiye fundi," alisema. "Mwone. Ana adabu huyu kijana."

Wiki chache baadaye walirudi na Dobi, mchana kweupe. Ndani hakuna mtu, Dobi alisema. Antena akakata mtandao. Bibi alikuwemo. Dobi alimfungia chumbani kwa nje na kuondoka na dhahabu yake, na Antena akiwa ukumbini alisikia mlango unagongwa. Bibi hakupiga kelele. Aligonga tu, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi.

"Nimwambie mlangoni abonyeze kitufe, mtandao urudi apige simu?" Antena aliuliza siku ile.

"Tukishamaliza," Dobi alijibu.

Walimaliza wakaondoka, na hakuna aliyemwambia. Bibi alikuwa na pumu. Alikutwa kesho yake.

Tangu hapo Antena alisikia kugongwa kila mahali, kwenye mabomba, kwenye kuta za wateja, kwenye kifungo cha shati la mtu asiyemjua. Na kwenye simu yake jina lile lilikuwa bado limehifadhiwa. Simu ilimpa neno la kubonyeza, "Sahau", na mara nyingi kidole kilifika hapo kikarudi.

Saa nne na nusu

Gari la dobi halishukiwi na mtu. Limechorwa nguo ubavuni, lina watu wenye makoti meupe, linasimama mbele ya nyumba yoyote na hakuna anayeuliza. Gia aliliegesha kando ya ukuta. Dada wa kazi alikuwa ameshakata kona na kikapu chake. Nyuma, Kufuli alikuwa anafunika mtungi wa gesi kwa mashuka ndani ya tenga la nguo, taratibu kama anamlaza mtoto.

Antena alitoa simu mfukoni. Hajagusa kitu. Ilitetemeka kiganjani yenyewe.

Imeunganishwa: Chumba cha Bibi.

Aliangalia yale maandishi. Akaangalia nyumba. Ilikuwa nyumba mpya, rangi ya maziwa, hakuwahi kuiona maishani mwake. Akili yake ya kifundi ilimwambia simu hukumbuka mtandao iliowahi kuingia, na ikiukuta tena huingia bila kuuliza. Sehemu nyingine yote ya mwili wake ilimwambia bibi amemtambua.

"Shemeji. Hii ni nyumba ya nani?"

Dobi alikuwa anavaa barakoa. "Ya sonara."

"Sonara ni mtoto wa nani?"

Dobi aliendelea kufunga kamba za barakoa. Gia akageuka kutoka kwenye usukani. "Kwani kuna..." alianza, akaiacha hapo.

"Ulijua," Antena alisema.

"Nilijua. Alihamisha vitu vya mama yake, kitanda na kila kitu, akavipanga chumba cha nyuma kama vilivyokuwa. Mimi ndiye niliyemfulia nguo za msiba. Nilipozipeleka nikaona kidude chako kimechomekwa palepale kando ya kitanda. Nikamuuliza, mbona hiki hujakibadilisha na vingine vyote umebadilisha? Akasema hapana, hiki ni cha mama, kibaki alivyokiacha." Dobi alinyoosha kola yake. "Mtu akifiwa anakuwa mzembe."

Kufuli alikuwa ameacha kufunika. Hili hata yeye halikumkalia vizuri. "Bosi, hilo hukutuambia."

"Nimekuambia sasa."

"Mimi siendi," Antena alisema.

"Nani kakuambia uende? Kaa hapo. Fungua milango, kata mtandao, basi." Dobi alimwinamia, sauti ikashuka zaidi. "Dada yako anadhani nyumba yake imejengwa kwa sabuni. Leo jioni unataka nimweleze nani alizima mtandao wa yule bibi?"

Antena alimchukia. Alikuwa amemchukia mwaka mzima mezani kwa dada yake, akipokea sahani na kusema ahsante. Hata hivyo kidole chake kikaenda kwenye skrini. Nywila ya kiwandani ilikubali mara ya kwanza. Hakuna kilichobadilishwa. Hata kosa dogo aliloliacha kwenye mpangilio siku ile, kutokana na haraka, lilikuwepo bado.

Saa tano kasoro

Mlango wa mbele ulifunguka. Makoti mawili meupe yaliingia na tenga. Antena akafungua stoo, akasubiri sauti ya Dobi kwenye redio ya mkononi.

"Tumo. Kata."

Ndivyo walivyofanya kazi siku zote. Fungua, ingia, kata, ili kamera zisiwahi kutuma picha kwa mwenye nyumba. Antena alizima ekstenda. Jina la bibi likafutika kwenye skrini. Ilikuwa mara ya pili anaizima.

Redio ilileta mvumo wa gesi. Kufuli alikuwa anakata. Dobi alikuwa ameuzuia mlango wa stoo kwa mguu, analalamika juu ya moshi.

"Kaka'angu, unatetemeka," Gia alisema.

"Baridi."

"Kwa jua hili?" Alikunywa soda kidogo, akaifunga. "Na mimi huwa namuota. Sikumwona hata sura, lakini..."

Hakumaliza. Antena alimwangalia kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama dereva.

"Huwa anafanya nini kwenye ndoto?"

"Amesimama tu mlangoni. Anasubiri afunguliwe."

Redio ikapasuka kwa kelele. "Imefunguka! Bosi, imefunguka! Njoo uone!"

Halafu kishindo cha chuma. Halafu Kufuli, kwa sauti nyingine kabisa: "Mlango! Si ulikuwa unaushikilia?"

Dobi alikuwa ameondoa mguu ili aitazame dhahabu.

"Antena. Mlango umejifunga. Fungua."

"Sukuma."

"Tumesukuma! Huku ndani hakuna hata kitasa."

Antena alielewa kabla Dobi hajamaliza kusema. Mwana wa bibi aliambiwa wezi walikata mtandao kwanza. Basi akaenda kununua kufuli linalojua hilo, mtandao ukikatika linajibana lenyewe, na halifunguki mpaka mtandao urudi. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa kidude cha mama yake.

"Washa waifai!" Dobi alifoka.

"Haiwashwi kutoka huku. Nilipoizima nimejifungia nje na mimi. Lazima mtu aingie akabonyeze kitufe kwa mkono."

"Basi ingia!"

"Ikiwaka, kamera zinatuma. Sina barakoa. Uliniambia nisitoke kwenye gari."

Kufuli alikohoa, kikohozi kirefu cha tumboni. Sefu ile ilikuwa na kitu ndani ya kuta zake kilichoungua kwa moshi mzito, na stoo haikuwa na tundu hata la kupitisha sindano. Dobi akaanza kusema jambo, akashindwa. Baada ya hapo hawakusema tena. Waligonga.

Gia aliwasha gari. "Twende. Kaka'angu, twende, wale tayari..."

Antena alitaka kwenda, na alitaka zaidi ya hapo. Alitaka Dobi afie mle ndani, mchana kweupe, nyuma ya mlango, na yeye akiwa nje anasikiliza. Alilitaka hilo kwa moyo wote na hakuona aibu. Redio ilikuwa mapajani mwake. Mwanzo waligonga kwa ngumi, kwa mateke, kwa mtungi. Kisha pigo likapungua. Likawa moja moja, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi.

Ko. Ko. Ko.

Alijikuta ameshafika getini.

Saa tano na nusu

Mlango wa mbele ulikuwa umeegeshwa. Ukumbi ulinuka plastiki iliyoungua. Alipita stoo bila kuitazama, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha mwisho, akafungua.

Ilikuwa nyumba nyingine na chumba kilekile. Kitanda cha mbao. Blanketi la kijivu limekunjwa miguuni. Fimbo imeegemea ukuta. Ndara mbili zimepangwa sambamba, tayari kuvaliwa. Juu ya meza ndogo kulikuwa na simu ya bibi, imechomekwa chaji, kioo chake kimefutwa vumbi. Na kando ya kitanda, ekstenda, na taa yake nyekundu.

"Samahani, bibi," alisema. Hakujua kama amesema kwa sauti.

Akabonyeza.

Taa ilizima. Ikarudi, ikapepesa. Kidude hiki huchukua dakika nzima kujikusanya, na Antena aliwahi kuwaambia wateja wengi wawe na subira. Sasa alisimama akikisihi kimoyomoyo. Ukutani kugonga kulikuwa kumekoma. Taa ilipepesa, ilipepesa, ikatulia kijani. Simu ya bibi iliwaka juu ya meza. Sekunde hiyo hiyo ya Antena ikatetemeka mfukoni.

Chumba cha Bibi. Imeunganishwa.

Akafungua stoo kwa simu.

Kufuli alitoka kwa magoti, anamburuta Dobi kwa kola. Moshi uliwafuata ukumbini. Dobi alitapika, akajiinua, akapapasa sakafuni mpaka akaupata mfuko wa dhahabu. Ndipo alipomwona shemeji yake amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, sura wazi, na juu yake kamera yenye taa ya buluu.

Alipandisha barakoa yake haraka. "Umeiwasha."

"Ndiyo."

"Basi baki nayo." Akaelekea mlangoni, anayumba.

Kufuli alisita. Macho yake yalikuwa mekundu, machozi yanamtiririka, na si kwa moshi peke yake. "Njoo, bwana. Gari lipo. Njoo."

Antena alinyanyua mguu. Angeweza kabisa.

"Nani huyo chumbani kwa mama?"

Sauti ilitoka kwenye kamera, karibu sana, kama mtu yuko nyuma ya bega. Kufuli alikurupuka, akakimbia. Mlango wa mbele ukajibamiza. Nje, Dobi alisema neno moja kwa Gia, mlango wa gari ukafungwa, injini ikaondoka. Hakuna aliyepiga honi ya kumsubiri.

"Geuka," sauti ilisema.

Antena akageuka, akainua uso.

Kwa mbali, nyuma ya sauti ile, zilisikika nyundo ndogo za karakana ya sonara.

"Fundi?"

Antena hakuushusha uso.

"Wewe ni yule fundi. Mama alinionyesha." Mwanamume yule alivuta pumzi. "Nilikupigia sana siku zile za msiba. Hukupokea."

Antena aliikumbuka namba hiyo. Namba ngeni, ilipiga na kupiga. Alidhani ni polisi.

"Nilikuwa nataka kukuambia tu kwamba amefariki. Kwa sababu alikuulizia." Zile nyundo zilinyamaza, mtu alikuwa amewaashiria waache. "Nilipomkuta nilibonyeza kitufe hicho hicho ulichobonyeza sasa. Sijui kwa nini, mikono ilikuwa inatafuta kazi. Mtandao ukarudi, na ujumbe wake wote ukaanza kuingia mfukoni mwangu, mmoja baada ya mwingine, sauti yake, na yeye mwenyewe amelala mbele yangu. Katika wa mwisho hana pumzi tena. Anasema, mwanangu, mtandao umekatika na mlango haufunguki. Mwite yule fundi. Yule mwenye adabu. Atakuja."

Antena alikaa sakafuni, kando ya ndara, si juu ya kitanda. Alilia bila kuuficha uso, na kamera ikamtazama.

"Ni wewe uliyeukata?"

"Ni mimi."

"Siku ile pia?"

"Siku ile pia. Alikuwa anagonga. Nilimsikia."

Mtu wa upande wa pili alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Baadaye, kwa shida, alisema, "Nimeshawaita polisi. Wako karibu zaidi yangu. Nyuma kuna mlango wa uani, hauna kufuli la simu, nao unaujua, nyinyi mnajua kila kitu. Ukitaka kuzima na kuondoka, kitufe kiko hapo."

Kitufe kilikuwa usawa wa bega lake. Taa ya kijani, tulivu, haipepesi. Antena aliitazama.

"Siuzimi," alisema. "Nipo."

Hakuna aliyekata mawasiliano. Aliisikia pumzi ya mwana wa bibi, kisha nyayo zake, kisha kelele za barabarani, anakuja mbio na simu mkononi. Mwanga wa simu ya bibi ulizimika juu ya meza.

Kisha mlango wa mbele ukagongwa.

Haukugongwa kwa nguvu. Mara tatu, taratibu. Kwa mwaka mzima wa kugongwa huko hakuwahi kufanya jambo lolote ila kuziba masikio. Safari hii, awe polisi au awe mwana wa bibi, aliinuka, akapita ukumbini kwenye moshi, akaenda kufungua.